Tupunguze Vitu, Tusipunguze Watu

Kila mwaka wako ndugu zetu wengi ambao hufunga mlango wa nyumba kubwa na kufungua mlango wa nyumba iliyo ndogo kuliko ile. Mwalimu afikia umri wa kustaafu, naye hana budi kurudisha ufunguo wa nyumba ya shule. Muuguzi, karani na mfanyakazi wa reli, waliokaa katika kota miaka mingi, siku yao nayo yafika. Mama aliyefiwa na mumewe aona ya kuwa nyumba ya vyumba sita yamshinda kuifagia, sembuse kuitengeneza paa. Wazee wawili, ambao watoto wao wote wameoa na kuolewa, wabaki wakisikiliza nyayo zao wenyewe katika vyumba vitupu. Hao wote hatimaye hufikia shauri moja: kuhamia mahali padogo zaidi.

Shauri hilo si baya. Mara nyingi ni la busara, na pengine ni la utakatifu. Walakini tumeona ya kuwa watu wema, wanaosali na kuheshimiwa, hukosea sana katika kulitimiza. Na makosa yao si ya kufunga mizigo vibaya au kukodi lori lisilotosha. Ni makosa juu ya haki na upendo. Ndiyo sababu twalileta jambo hili katika ukurasa huu. Swali letu ni hili: mtu anapolazimika kupunguza makao yake, apunguze nini, na ni nini asichokuwa na ruhusa ya kukipunguza?

Twamjua mzee mmoja, mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha miaka 34. Hatutamtaja jina wala mahali, maana ndilo sharti alilotupa aliporuhusu habari yake isimuliwe. Alipokaribia miaka 60 alikuwa amekwisha kujenga nyumba yake: vyumba viwili vya kulala, sebule, na jiko la nje. Katika nyumba ya shule walikuwa na vyumba vinne, na humo waliishi yeye, mkewe, mjukuu mmoja, na mama yake mzazi aliyekuwa amepita miaka 80.

Mwalimu huyo alikuwa mtu wa utaratibu. Alichukua futi kamba, akapima nyumba mpya, kisha akapima na vyombo: makochi saba, kabati la vioo lenye sahani ambazo hutolewa siku ya Noeli na ya Pasaka tu, meza kubwa, vitanda, jokofu, televisheni pamoja na meza yake. Akaandika yote katika daftari, akapiga hesabu, akaona ya kuwa vyombo vyaenea. Ndipo akawageukia watu. Chumba cha kwanza kilikuwa chake na mkewe. Cha pili kilikwisha kujaa kitanda cha mjukuu, kabati la nguo na masanduku. Basi ikaamuliwa ya kuwa bibi apelekwe kwa mwanawe mdogo aliyekaa wilaya nyingine, "mpaka hapo tutakapopata nafasi."

Bibi alikuwa ameketi barazani juu ya mkeka, akimtazama mwanawe akipita na kurudi na kamba yake. Hakugomba wala hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Na mimi, mwanangu, nina futi ngapi?"

Mwalimu alituambia ya kuwa usiku ule hakupata usingizi. Asubuhi yake alimwita dalali, akauza kabati la vioo, meza kubwa na makochi matano. Kitanda cha bibi kikawekwa chini ya dirisha la chumba cha pili, pamoja na mjukuu. Bibi alikaa humo miaka mitatu, akafariki humo, amepokea Sakramenti za mwisho, mkono wake umo katika mkono wa mwanawe. Makochi yale, asema mwalimu, hajui yako wapi leo, wala hajawahi kuuliza.

Kosa lake la kwanza lilikuwa nini? Hatuwezi kusema ya kuwa hakumpenda mama yake. Angekuwa hampendi, swali lile lisingemchoma. Kosa lilikuwa katika mpango wa maswali. Aliuliza kwanza, "Vitu gani vitaenea?" kisha, "Na watu gani watabaki?" Hili ndilo kosa mama la wote wanaohama, na mengine yote ni watoto wake. Vitu havina kinywa, wala haviombi mahali. Lakini kwa kuwa vimekwisha kuwako, nasi tumezoea kuviona, huketi kwanza na kumwacha mtu amesimama mlangoni.

Habari hii ni ya zamani sana. Kitabu cha Mwanzo chatusimulia ya kuwa Abramu na Lutu, mtu na mtoto wa ndugu yake, hawakuweza kukaa pamoja, kwa sababu nchi haikutosha kwa mifugo na mali zao, hata wachungaji wao wakagombana. Tuangalie vizuri: hawakutengana kwa njaa, walitengana kwa wingi. Mali iliyokuwa baraka kwao iligeuka kuwa ukuta kati yao. Naye Abramu, aliyekuwa mkubwa na mwenye haki ya kuchagua kwanza, alimwachia kijana achague. Alijua ya kuwa malisho hupatikana tena, bali ndugu akipotea hapatikani kwa urahisi.

Pengine msomaji atatuuliza: Je, mali si yangu? Nimeifanyia kazi miaka 30 na zaidi. Kwa nini nisiende nayo nipendako, na kuifanya nipendavyo? Swali hili ni la haki, na Kanisa halilikimbii. Papa Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alitetea kwa nguvu haki ya mtu kuwa na mali yake mwenyewe. Lakini barua hiyohiyo yafuata mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, ambaye katika karne ya 13 alitenganisha mambo mawili ambayo sisi twayachanganya kila siku: kuwa na mali, na kuitumia. Mtu aruhusiwa kuwa na mali iliyo yake, kuitunza na kuipanga. Na yafaa iwe hivyo, maana kitu cha wote aghalabu hakitunzwi na mtu. Lakini katika kuitumia, apaswa kuihesabu kama ambayo wenzake wanayo sehemu ndani yake, na awe tayari kuwagawia wenye shida.

Tena Mtakatifu Tomaso afundisha neno jingine ambalo lawahusu hasa wanaohama. Asema ya kuwa mahitaji ya mtu ni ya namna mbili: yale ambayo bila hayo hawezi kuishi, na yale ambayo bila hayo hawezi kuishi kwa namna ipasayo hali yake na kazi yake. Mtu halazimiki kutoa sadaka mpaka ashindwe kuishi kama ipasavyo hali yake. Lakini ataja nyakati ambapo hesabu hiyo hubadilika. Na ya kwanza ni pale mtu anapobadili hali yake ya maisha, kwa mfano anapoingia utawani. Hapo vilivyokuwa vya lazima jana havina ulazima leo.

Sisi twaona ya kuwa anayestaafu, au anayebaki mjane, ingawa haingii utawani, naye amebadili hali. Mwalimu mkuu aliyepokea wakaguzi na wazazi kila juma alihitaji viti kumi na viwili sebuleni. Alipostaafu, viti kumi vilikwisha kuwa ziada. Mama aliyewapikia watoto wanane alihitaji masufuria makubwa matano. Sasa apika kibaba kimoja. Havikubadilika viti wala masufuria; aliyebadilika ni mwenyewe. Basi kosa la mtu anayeng'ang'ania si uchoyo sikuzote. Mara nyingi ni kukataa kuamini ya kuwa hali yake imebadilika. Abeba makochi ya cheo ambacho amekwisha kukirudisha, na kwa ajili ya cheo hicho kilichopita awanyima nafasi watu ambao wangali naye.

Kosa la pili ni kungoja siku ya lori. Nchini Tanzania mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari afikapo miaka 55, na kwa lazima afikapo 60. Kwa hiyo siku hiyo haimjii kama mwizi usiku; aijua tangu alipoandikwa kazini. Walakini wengi hungoja mpaka dereva apige honi, ndipo waanze kuamua. Haraka haraka haina baraka. Katika saa hiyo ya vumbi na kelele hakuna anayechagua; watu hupakia tu, au hutupa tu. Tumesikia habari ya watoto waliochoma magunia ya "karatasi kuukuu" za marehemu baba yao, wakaja kutambua baadaye ya kuwa hati ya kiwanja ilikuwa ndani.

Twashauri basi mwenye kuhama aanze mwaka mzima kabla, kabati moja kwa juma moja. Kazi yake ya kwanza iwe kutenga katika sanduku moja hati ya nyumba au kiwanja, cheti cha ndoa, vyeti vya ubatizo na vya kuzaliwa vya watoto, vyeti vya vifo, barua ya kuajiriwa, na karatasi zote za pensheni. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018, uliunganisha mifuko minne ya zamani. Mzee ambaye michango yake ilianzia katika mojawapo ya hiyo atafanya vema kutunza karatasi zake za siku zile. Na sanduku hilo lisipande lori. Lishikwe mkononi.

Kosa la tatu ni kuamua peke yake. Wapo wanaume ambao huuza nyumba ya familia, au hugawa vyombo vyake, kisha humpa mke habari kama mtu anayesoma tangazo. Hilo si kosa la adabu tu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yamkataza mume au mke mwenye kumiliki nyumba ya ndoa asiiuze, asiitoe zawadi, asiipangishe wala asiiweke rehani bila ridhaa ya mwenzake, maadamu ndoa yao ingaliko. Sheria ya nchi yalinda nyumba. Lakini ni nani atakayelinda kinu, ungo, cherehani, sanduku la bati alilokuja nalo siku ya harusi? Hapa hakuna mahakama ila dhamiri. Kitu chaweza kuwa kidogo machoni pa mume, na ndani yake mna miaka 40 ya maisha ya mke. Naye mke, kadhalika, asivitupe vitabu na baiskeli ya mume kwa kuwa tu vyashika vumbi.

Na kuna wale wazee ambao huhamishwa na watoto wao. Watoto waja kutoka mjini siku mbili, wana haraka ya kurudi kazini, nao kwa moyo mwema kabisa hufungasha nyumba nzima mama akiwa kwa jirani, kusudi "asisumbuke". Mama arudi na kukuta kuta. Twawaomba vijana wetu wasifanye hivyo. Msaada usiomwuliza anayesaidiwa wakaribia kuwa unyang'anyi. Mama akiwa bado na akili yake, ndiye mwenye neno, hata kama neno lake lachukua juma zima kutoka, na hata kama kila sufuria lina hadithi yake. Kusikiliza hadithi hizo ni sehemu ya kazi ya kuhama. Pengine ndiyo sehemu yake kubwa.

Kosa la nne lawahusu wale ambao majina yao huwa hayamo katika daftari la mwenye nyumba. Katika nyumba nyingi za kwetu yumo msichana au mama wa kazi aliyelea watoto wa nyumba hiyo mpaka wakaitwa wakubwa. Nyumba inapopungua, yeye huwa wa kwanza kupunguzwa, pengine kwa kupewa nauli na kanga mbili. Twasema wazi: hiyo si haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri anayemwachisha kazi mtu aliyemtumikia mwaka mmoja au zaidi amlipe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Haki hiyo haikuandikwa kwa viwanda na ofisi tu. Mstaafu anayelalamika ya kuwa kiinua mgongo chake kimechelewa, ajiulize kwanza kama na yeye amekwisha kulipa anachodaiwa jikoni mwake.

Tena, haki ikisha kutimizwa, upendo una neno lake. Ajulishwe mapema, kama vile mwajiri mwema amjulishavyo mtumishi. Atafutiwe mahali pengine pa heshima. Na katika vile vitu ambavyo nyumba mpya haivichukui, yeye awe miongoni mwa wa kwanza kuulizwa anahitaji nini. Aliyefua mashuka miaka 12 ana dai juu ya kitanda kuliko mnunuzi wa mnadani.

Kosa la tano ni kuwatwika wengine mzigo wetu na kuuita sadaka. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kweli ni rahisi kuona ya kuwa kochi lililovunjika mguu litawafaa watoto yatima, na ya kuwa godoro lililoshimika litafaa nyumba ya wazee. Parokia zetu zapokea vitu vya namna hiyo mara kwa mara, na pengine hulazimika kulipa mtu wa kuvitupa. Nabii Malaki aliwakemea makuhani waliomtolea Mungu wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, ambao wasingethubutu kumpelekea liwali. Kipimo ni chepesi: je, ningempa kitu hiki mgeni ninayemheshimu? Kama sivyo, kitengenezwe kwanza, ama kitupwe na mwenyewe kwa gharama yake mwenyewe. Maskini si jalala.

Hali kadhalika watoto wetu. Wazazi wengi hukasirika watoto wanapokataa kabati na meza za nyumbani. Lakini mtoto anayepanga chumba kimoja na mkewe mjini hakatai wazazi wake akikataa meza ya watu wanane. Mzazi asifanye mapokezi ya vyombo kuwa mtihani wa upendo. Amwulize mtoto, "Ungependa kitu kimoja kipi?" naye aridhike na jibu, hata likiwa ni kikombe cha bati.

Kosa la sita ni la kinyume chake: kuondoa vyote, kisha kununua vipya. Wapo ambao huuza vitanda vya mninga kwa bei ya kutupa, wakaenda na kiinua mgongo chao dukani kununua vitanda vya mbao za kubandikwa, kwa kuwa nyumba mpya "yataka vitu vipya". Usiache mbachao kwa msala upitao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, aliuonya ulimwengu juu ya mazoea ya kutupa, akaonyesha ya kuwa mazoea hayo huanza na vitu na kuishia kwa watu. Fedha ya kustaafu huja mara moja tu. Na mahali padogo hapahitaji vitu vipya, pahitaji vitu vichache.

Sasa twaja kwa jambo lililo gumu kuliko yote, nalo ni ukumbusho. Mjane ameshika koti la marehemu mumewe. Halimwenei mtu, halitavaliwa tena, na sanduku limejaa. Je, kulihifadhi ni udhaifu? Wako wanaosema ya kuwa kitu ni kitu, na ya kuwa Mkristo asifungwe na nguo. Sisi hatusemi hivyo, wala Kanisa halisemi hivyo. Kanisa ambalo huweka masalia ya watakatifu katika altare lajua ya kuwa kitu chaweza kumbeba mtu. Machozi juu ya koti si dhambi.

Lakini masalia yenyewe yatufundisha jambo. Salio ni dogo. Ni kipande cha mfupa au cha kitambaa, chatosha katika kiganja, na kwa kipande hicho waamini hukumbuka maisha mazima. Basi mjane aweze kuchagua: koti hili, na rozari yake, na picha moja, nguo nyingine zivikwe watu wanaotetemeka kwa baridi. Anayehifadhi vyote hahifadhi kumbukumbu, maana kumbukumbu hupotea katikati ya wingi. Methali yasema akiba haiozi, nayo ni kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema. Lakini Bwana wetu alitukumbusha ya kuwa hazina za duniani zina nondo na kutu. Nguo ya marehemu iliyovaliwa na mwenye shida humwombea marehemu. Ile iliyoliwa na nondo haimwombei mtu.

Kosa la saba twalitaja kwa ufupi, ingawa wengi wamelijutia: kupima vyumba na kusahau kupima njia. Mtu apata nyumba ya bei nafuu pembeni kabisa ya mji, akahamia akiwa na miaka 60 na miguu yenye nguvu. Je, atafikaje Misani akiwa na miaka 75? Zahanati iko wapi? Jumuiya ndogondogo ipi itamtembelea? Jirani gani atasikia akiita usiku? Vyumba viwili karibu na watu ni vikubwa kuliko vinne mahali pasipo mtu.

Baada ya yote hayo husalia sauti moja ambayo huwazuia wengi, nayo yasema, "Watu watasemaje?" Watasema mheshimiwa ameporomoka. Kwa hao twatoa mifano miwili iliyo mbele ya macho ya ulimwengu wote. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 aling'atuka tarehe 28 Februari 2013, na mwezi Mei mwaka huohuo akahamia katika monasteri ya Mater Ecclesiae, ndani ya bustani za Vatikano, akakaa humo kwa sala mpaka alipofariki tarehe 31 Desemba 2022. Mrithi wake, Fransisko, hakuhamia katika makao ya Mapapa ndani ya Jumba la Kitume. Alikaa katika nyumba ya wageni ya Mtakatifu Marta tangu mwaka 2013 mpaka kifo chake tarehe 21 Aprili 2025. Na alipoulizwa sababu, hakusema ya kuwa makao yale yalikuwa na anasa. Alieleza ya kuwa ni makubwa, lakini mlango wake ni mwembamba, watu huingia kidogo kidogo. Naye hawezi kuishi bila watu.

Twaona ya kuwa katika maneno hayo mna jibu la swali letu lote. Nyumba haipimwi kwa kuta zake tu. Yapimwa pia kwa mlango wake. Iko nyumba ya vyumba kumi ambayo mlango wake ni mwembamba, na iko nyumba ya vyumba viwili ambayo kijiji kizima huingia. Wageni hawaji kwa ajili ya makochi. Mwanamke wa Shunemu, alipotaka kumpokea nabii Elisha, alimtengenezea chumba kidogo juu ya dari, akaweka humo vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Kwa vitu hivyo vinne nabii wa Mungu alipata makao kila alipopita. Asiyeweza kumpokea mtu kwa vitu vinne, hataweza kumpokea kwa arobaini.

Huko Loreto, nchini Italia, iko basilika kubwa na yenye fahari, na ndani yake mmehifadhiwa nyumba ndogo ya mawe ambayo mapokeo ya kale husema ni nyumba ya Bikira Maria kutoka Nazareti. Urefu wake ndani hauzidi mita 10, na upana wake ni kama mita 4. Mahujaji husafiri kutoka nchi za mbali, wakapita katika basilika kubwa, kusudi waingie katika chumba hicho kidogo na kupiga magoti. Hawaulizi kulikuwa na vyombo gani ndani yake. Wamkumbuka aliyepokelewa humo.

Basi, ndugu wasomaji, ninyi ambao mwaka huu au mwaka ujao mtafunga mlango mmoja na kufungua mwingine, chukueni daftari. Lakini katika ukurasa wa kwanza msiandike kabati wala jokofu. Andikeni majina. Nani atalala humu? Nani atakuja kula nasi siku ya Jumapili? Nani, akigonga usiku, lazima apate mahali pa kuweka mkeka? Nani tunayemdai shukrani, na nani anayetudai haki yake? Majina hayo yakisha kupata nafasi, ndipo mgeuze ukurasa na kuandika vyombo. Mtaona ya kuwa vyombo ni vyepesi kuamua.

Iko siku ambayo kila mmoja wetu atahamia makao yaliyo madogo kuliko yote, ambayo futi zake zajulikana tangu zamani, na lori halitahitajiwa. Anayejifunza kupunguza leo kwa hiari na kwa upendo, siku hiyo hataikuta ngeni. Nasi twamwomba Mungu, aliye na makao mengi katika nyumba yake, atujalie kwamba popote tutakapokaa hapa duniani, pawe padogo namna gani, mama zetu wasilazimike kutuuliza kama wana futi ngapi.